Muulize Mfamasia: Sifa ya mmea hairithiwi na kidonge

Toleo lililopita niliandika kwamba dawa nyingi za kupunguza uvimbe zina asili ya mimea, lakini kidonge unachomeza mara nyingi kina molekuli ambayo mmea wenyewe haujawahi kuitengeneza. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi. Wapo walioniunga mkono, wapo walioniita wakala wa viwanda. Nimechagua barua chache na kuzifupisha.

SWALI: Shikamoo Bi Mfamasia. Umesema gome la mti wa mwerebi lilijulikana kutuliza homa na maumivu zamani sana. Sasa kama lilikuwa linafanya kazi, wakemia walilichokonoa kwa nini? Mimi naona ni hataza tu. Mti haupewi hataza, molekuli mpya inapewa. – Msomaji asiyedanganyika

JIBU: Marahaba. Kuhusu hataza, yaani haki ya pekee ya kutengeneza na kuuza kitu, una hoja, nami sitaikwepa. Kampuni ya Bayer iliomba hataza ya aspirini, dawa iliyozaliwa na kemia ya gome hilo, kwao Ujerumani ikanyimwa, kwa kuwa mkemia Mfaransa Charles Gerhardt alishaitengeneza molekuli hiyo mwaka 1853, ingawa ya kwake haikuwa safi. Marekani waliitoa mwaka 1900. Kwa hiyo biashara ilikuwamo tangu mwanzo. Ila biashara peke yake haielezi kwa nini dawa ile ilishika.

Mwaka 1763 mchungaji mmoja wa Uingereza, Edward Stone, aliiandikia Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, kwamba alikausha gome la mwerebi, akalisaga, akawapa watu wapatao hamsini wenye homa za vipindi, na wengi wao wakapata nafuu. Mwaka 1828 Johann Buchner, akiwa Munich, alitoa ndani ya gome hilo kitu kichungu akakiita salisini. Miaka kumi baadaye Raffaele Piria akaivunja salisini: upande mmoja akapata sukari, upande wa pili kitu alichokigeuza kuwa asidi ya salisiliki. Mwilini hutokea jambo linalokaribiana na hilo. Bakteria wa utumbo huing'oa ile sukari, kisha ini humalizia kazi. Mwerebi basi haukupi dawa iliyo tayari, unakupa malighafi, na mkemia wa kwanza kuibadilisha ni mwili wako mwenyewe.

Asidi ya salisiliki ilifanya kazi kweli. Wagonjwa wa viungo vilivyovimba walipewa kwa gramu, si kwa miligramu, na hapo ndipo balaa lilipoanza: iliunguza tumbo, ilitapisha, iliwaachia watu mvumo masikioni. Agosti 1897 Felix Hoffmann, ndani ya maabara ya Bayer, alichukua haidroksili iliyoning'inia kwenye pete ya molekuli hiyo, yaani oksijeni na haidrojeni yake, akaifunika kwa kipande kidogo kiitwacho asetili, ikawa aspirini. (Kuna hadithi tamu kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya baba yake aliyesumbuliwa na viungo. Mwenzake wa maabara, Arthur Eichengrün, aliandika mwaka 1949 kwamba Hoffmann alikuwa akifuata maelekezo yake tu. Mimi humwamini Eichengrün zaidi, lakini kemia haibadiliki kwa hilo.)

Lengo lilikuwa kulinusuru tumbo. Kilichopatikana ni kitu kingine kabisa, na kwa zaidi ya miaka sabini hakuna aliyekijua. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, zile kemikali zinazochangia joto, wekundu, uvimbe na maumivu. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1982, pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Namna yenyewe ikaja kueleweka baadaye: kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini kina njia nyembamba ndani yake, na aspirini ikiingia humo huiacha asetili yake imenata kwenye asidi amino moja, serini. Njia imeziba, na haizibuki, kama kufuli lililovunjikiwa ufunguo ndani. Asidi ya salisiliki haina asetili ya kuacha. Hupita, husumbua kidogo, huondoka.

Sasa tazama chembe sahani, vile vipande vya damu vinavyoanzisha kuganda. Havina kiini, haviwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Vikishagongwa na aspirini vinabaki hivyo hadi mwisho wa maisha yao, siku 7 hadi 10 hivi. Ndiyo maana aspirini ya dozi ndogo hutumika kuwakinga waliokwishapata shambulio la moyo. Sifa hiyo haimo ndani ya mwerebi hata ukiuchemsha msitu mzima. Iliingia na asetili.

Na tumbo je? Halikunusurika sana. Prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo, kwa hiyo ukizizima kwenye goti umezizima na tumboni.

Kwa hiyo, msomaji wangu, usikubali kuambiwa kwamba gome na aspirini ni kitu kile kile. Gome linaweza kupunguza maumivu kwa kiasi. Lakini aliyeandikiwa aspirini ya kila siku kwa ajili ya moyo, kisha akaiacha anywe chai ya gome, ameiacha dawa yake.

SWALI: Habari za kazi, Bi Mfamasia. Nafundisha kemia sekondari. Wanafunzi wangu wakisikia "kurekebisha molekuli" wanaona ni uchawi. Kuna jaribio ambalo watayaona mabadiliko kwa macho yao? – Mwalimu

JIBU: Nzuri, Mwalimu. Lipo, na ni hilo hilo la Hoffmann.

Chukua gramu 2 za asidi ya salisiliki. Ni unga mweupe wa visindano vidogo, na ukiukaribia sana unakupigisha chafya. Weka ndani ya chupa kavu kabisa, ongeza mililita 5 za asetiki anhidridi na matone machache ya asidi ya fosforiki iliyokolea. Iweke chupa kwenye beseni la maji yenye joto la nyuzi 60 hivi kwa robo saa, ukiitikisa mara kwa mara. Unga wote utayeyuka. Kisha ongeza maji tone kwa tone, maana anhidridi iliyobaki hukutana na maji kwa fujo na kugeuka asidi ya siki. Harufu yake mtaisikia darasa zima. Ongeza maji zaidi, weka kwenye barafu.

Hapo kwa muda hakuna kitakachotokea, na wanafunzi wataanza kunong'ona. Chukua kijiti cha kioo ukwaruze ukuta wa chupa kwa ndani. Fuwele zitaanza pale pale ulipokwaruza na kuenea mpaka chupa nzima iwe nyeupe. Chuja, osha kwa maji ya baridi, kausha.

Lakini fuwele nyeupe zilizotoka kwenye unga mweupe hazimshawishi mtu. Kinachoshawishi ni feriki kloraidi. Panga mirija mitatu: wa kwanza tia chembe za asidi ya salisiliki, wa pili aspirini yenu mliyoisafisha vizuri, wa tatu kidonge cha aspirini kilichokaa wazi mahali penye unyevu kwa miezi. Weka tone la feriki kloraidi katika kila mmoja. Wa kwanza unageuka zambarau iliyoiva. Wa pili unabaki na umanjano wa feriki kloraidi yenyewe. Wa tatu utatoa zambarau hafifu, kwa sababu unyevu umeshaing'oa asetili kwenye baadhi ya molekuli na kuirudisha asidi ya salisiliki. Ndiyo maana vidonge vya aspirini vilivyochakaa hunuka siki, na nilipokuwa kaunta nilikuwa nafungua kopo na kunusa kabla hata ya kusoma tarehe.

Zambarau hutokea pale tu haidroksili ya kwenye pete ikiwa wazi. Waache wanafunzi wagundue wenyewe kwamba kitu kimefunikwa. Anhidridi huunguza macho na mapafu, hivyo miwani ya kinga ivaliwe, kazi ifanyike kwenye kabati la kufyonza hewa, na mwenye wazo la kuonja kilichotengenezwa atoke nje kabla hamjaanza.

SWALI: Bi Mfamasia, goti linaniuma mwaka wa tatu sasa. Nimenunua vidonge vya manjano "iliyoboreshwa kisayansi", ndani yake kuna na pilipili manga. Je, hii ndiyo molekuli iliyorekebishwa unayoisema? Pia natumia dawa ya kuzuia damu kuganda. – Mwenye goti

JIBU: Nianze na sentensi yako ya mwisho, uliyoiandika kana kwamba ni nyongeza tu. Kabla ya kumeza kidonge kingine cha hayo manjano, mpigie daktari au mfamasia anayekuhudumia, na umtajie pilipili manga kwa jina. Sababu inafuata.

Kitu kinachosifiwa ndani ya manjano ni kurkumini. Katika mzizi uliokaushwa imo asilimia 2 hadi 5 hivi. Ndani ya mrija wa maabara kurkumini hufanya maajabu: inazima hiki, inazuia kile, orodha haiishi. Ndani ya mtu ni habari nyingine. Haiyeyuki vizuri kwenye maji. Ile kidogo inayopenya ukuta wa utumbo, ini na utumbo wenyewe huigandisha haraka kwenye aina ya sukari iitwayo asidi ya glukuroniki na kuitupa nje. Halafu molekuli yenyewe ni dhaifu. Umewahi kuona doa la manjano kwenye nguo nyeupe likigeuka jekundu mara sabuni inapoligusa? Sabuni ina alikali, na alikali huinyang'anya kurkumini haidrojeni zake. Rangi inabadilika, na molekuli iliyofika hali hiyo huanza kuvunjika. Hata kwenye maji yasiyo na uchachu kama yalivyo maji ya damu, huoza ndani ya dakika chache.

Mwaka 2017 kundi la wakemia wa dawa walichapisha mapitio marefu ya ushahidi wote huo. Hitimisho lao halikuwa la upole: licha ya majaribio zaidi ya 120 kwa watu, hawakuona hata moja la upofu maradufu (mgonjwa wala daktari hajui nani kapewa nini), lenye kidonge tupu kisicho na dawa cha kulinganishia, lililofanikiwa wazi. Walionya pia kwamba kurkumini ni hodari wa kudanganya vipimo vya maabara, kwa kuwa inang'aa, inanata kwenye protini ovyo na kushika metali. Wapo wanaobisha, hasa kuhusu magoti, ambako kuna majaribio madogo yanayoonyesha nafuu. Mimi nasimama karibu zaidi na hao wakemia.

Sasa pilipili. Katika jaribio la mwaka 1998, watu waliomeza gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, kile kikali cha pilipili manga, kurkumini iliyoonekana katika damu yao iliongezeka kwa asilimia 2000. Tarakimu hiyo imechapwa kwenye makopo mengi. Ambacho kopo halisemi ni kwamba piperini haikuiboresha kurkumini hata kidogo. Molekuli ni ile ile. Piperini imewalewesha walinzi wa mlangoni, vimeng'enya vya ini na utumbo, na walinzi hao ndio wanaopunguza nguvu za dawa nyingine unazomeza, pengine na hiyo ya damu. Zimeripotiwa pia ajali za ini kwa watumiaji wa virutubisho vya manjano vyenye nguvu kubwa. Sifa ya usalama ya manjano imetokana na manjano ya kawaida, yanayopita mwilini bila kuacha alama. Ukilazimisha yabaki, hiyo sifa huna haki ya kuihesabu tena.

Molekuli za kurkumini zilizorekebishwa kweli zipo. Wakemia wameondoa lile daraja la kaboni la katikati linaloivunja, wamefupisha mnyororo, wameweka florini kwenye pete. Zinadumu zaidi. Lakini hizo utazikuta ndani ya majarida na vizimba vya panya, haziuzwi kwenye kopo lako.

SWALI: Nimeandikiwa prednisoloni ya kupunguza uvimbe. Jirani yangu, mtu msomi, ananiambia nisiogope, dawa hizi zilitoka kwenye viazi vikuu, kwa hiyo ni chakula. Dada yangu ananiambia ni sumu, niziache leo hii. Nimsikilize nani? – Niliye katikati

JIBU: Usimsikilize yeyote kati yao, na zaidi usimsikilize dada. Aliyetumia dawa hizi kwa wiki kadhaa hazikati ghafla. Tezi za juu ya figo zinakuwa zimejisahau na haziamki siku moja. Dozi hushushwa kidogo kidogo kwa mpango wa daktari.

Jirani anajua nusu ya kisa, na ni kisa ambacho nikianza kukieleza wajukuu hunikimbia. Mwaka 1949 Philip Hench wa Mayo Clinic alitangaza kwamba wagonjwa wa baridi yabisi waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani walitembea baada ya kudungwa kotisoni, homoni ya tezi hizo za juu ya figo. Mwaka uliofuata yeye, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipata Nobeli. Tatizo likawa: kotisoni itoke wapi? Ilitengenezwa kutoka nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya thelathini za kemia, na kilichopatikana mwishoni kilikuwa kiduchu.

Wakati huo Russell Marker, mkemia Mmarekani mwenye kichwa kigumu, alishaonyesha Mexico kwamba viazi vikuu vya mwituni vina diosgenini, molekuli yenye pete nne zilezile za steroidi, na kwamba unaweza kuikata mkia ikawa projesteroni. Kilichokosekana ni oksijeni kwenye kaboni ya 11, mahali ambapo mkemia hafiki kwa urahisi. Mwaka 1952 watafiti wa kampuni ya Upjohn, Durey Peterson na Herbert Murray, waliitoa kazi hiyo kwa kuvu. Walimlisha kuvu projesteroni, naye akaipachika oksijeni pale pale kwa hatua moja. Mkonge nao uliingia: maji yanayobaki baada ya kuukamua yana hekojenini, yenye oksijeni kwenye kaboni ya 12, jirani tu, na wakemia wakajifunza kuihamisha.

Hadi hapo wamefika kwenye kitu ambacho mwili hujitengenezea wenyewe, yaani haidrokotisoni. Marekebisho ya kukiboresha yanaanza sasa, na angalia jinsi yalivyo madogo.

Ongeza kifungo maradufu kati ya kaboni ya 1 na ya 2. Hakuna atomu mpya, zimetoka haidrojeni mbili tu. Hiyo ndiyo prednisoloni yako, iliyokuja mwaka 1955, na nguvu yake dhidi ya uvimbe ni mara nne hivi ya haidrokotisoni. Ukiacha kifungo hicho na badala yake ukaweka florini kwenye kaboni ya 9, nguvu dhidi ya uvimbe inapanda mara kumi, lakini uwezo wa kuuzuia mwili kutoa chumvi unapanda zaidi ya mara mia. Mgonjwa anavimba maji huku unamtibu uvimbe. Dawa hiyo leo inatumiwa na wale ambao tezi zao hazitengenezi homoni ya chumvi. Sasa weka vyote viwili, kifungo na florini, kisha ongeza methili moja, kaboni yenye haidrojeni tatu, kwenye kaboni ya 16. Tatizo la chumvi karibu linatoweka, na nguvu inafika mara 25 au 30. Hiyo ni deksamethasoni, ambayo mwaka 2020, kwa dozi ya miligramu 6 kwa siku, ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine za kupumulia.

Kwa lugha ya kaunta: miligramu 20 za haidrokotisoni, 5 za prednisoloni na 0.75 za deksamethasoni zinafanya kazi moja.

Kwa nini basi dada yako anaogopa? Kwa sababu mifupa bado inalegea, sukari bado inapanda, kinga bado inashuka kwa anayezitumia muda mrefu. Wakemia waliweza kuitenganisha chumvi na uvimbe kwa kuwa vinapitia vipokezi viwili tofauti, yaani protini za seli ambazo homoni hushika, hivyo ukiikunja molekuli vizuri inakigusa kimoja na kukiacha kingine. Mifupa, sukari na uvimbe vinapitia kipokezi kimoja. Hapo methili haisaidii. Dozi ndogo iwezekanavyo, kwa muda mfupi iwezekanavyo, ndilo rekebisho lililobaki, na hilo lipo mkononi mwa daktari wako.

SWALI: Je, urukususu nao uliwahi kurekebishwa? Naupenda sana. – Mpenda utamu

JIBU: Uliwahi. Asidi yake, ile inayobaki ukiondoa sukari, iliunganishwa na kipande cha asidi ya saksiniki ikawa kabenoksoloni, dawa ya vidonda vya tumbo iliyotumika Uingereza miaka ya 1960 na 1970. Iliponya vidonda. Pia iliwapandishia wagonjwa shinikizo la damu na kuwashushia potasiamu, kosa lile lile la urukususu wenyewe, sasa likiwa na nguvu zaidi. Dawa bora zilipokuja ikawekwa kando. Ukiwa na shinikizo la damu, mapenzi yako na urukususu yapunguze.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Nimetoa asidi ya oleanoliki kwenye majani ya mzeituni na nataka kuiunganisha na makundi mbalimbali nione ipi inapunguza uvimbe zaidi. Msimamizi wangu anasema mada imechakaa. Unanishauri nini? – Mtafiti chipukizi

JIBU: Marahaba mwanangu. Mada haijachakaa, ila imeshapitiwa na watu wenye mbio, na ni vizuri ujue walianguka wapi.

Asidi yako ni mpole. Ina vishikio vitatu: haidroksili kwenye kaboni ya 3, kifungo maradufu katikati, na kundi la asidi kwenye kaboni ya 28. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Dartmouth nchini Marekani walizibadilisha pete mbili ili ziweze kushikana na salfa za protini, wakaongeza siano, kipande cha kaboni na naitrojeni, kwenye pete ya kwanza. Nguvu ya kuzima nitriki oksaidi, gesi inayotolewa wakati wa uvimbe, katika seli za kinga za panya ilipanda maelfu ya mara. Umbo lake lenye esta ya methili (esta ni asidi iliyounganishwa na pombe), badoksoloni, lilipelekwa kwa wagonjwa wa figo wenye kisukari, watu 2185. Oktoba 2012 jaribio likasimamishwa: waliomeza dawa walikuwa wakipata moyo kushindwa kufanya kazi zaidi kuliko waliomeza kidonge tupu. Ndugu yake, omaveloksoloni, aliidhinishwa Marekani Februari 2023 kwa ugonjwa wa neva wa kurithi uitwao ataksia ya Friedreich. Walianza kutafuta dawa ya uvimbe na saratani, wakaishia kwenye neva.

Hapo utaona kwamba "nguvu zaidi" siyo swali la kutosha. Hivyo kwenye meza yako, fanya hivi. Kila sahani ya seli utakayopima, iwe na asidi ya oleanoliki yenyewe pembeni, isiyoguswa, kwa dozi zile zile. Nimesoma tasnifu nyingi zinazosifu esta mpya bila kuonyesha popote kama inaishinda ile iliyotoka mmeani. Kisha pima kama seli ziko hai. Seli iliyokufa haitoi nitriki oksaidi, na kwenye grafu kifo kinafanana sana na tiba. Kama kundi unalounganisha ni esta, jiulize litadumu muda gani ndani ya damu, maana vimeng'enya vya damu vinazipenda esta; ukikuta imekatika ndani ya dakika kumi, ulichopima ni asidi yako ya zamani iliyovaa koti. Na usipuuze kuyeyuka kwake. Asidi ya oleanoliki ni ya mafuta kupindukia, na kundi linaloifanya iyeyuke kwenye maji linaweza kukupa matokeo mazuri kwa sababu tu dawa imefika, hata kama haijaongezeka makali. Hayo nayo ni matokeo, yaandike hivyo hivyo.

Usiogope kwenda mbali na mmea pia. Roger Altounyan, daktari mwenye pumu, alianzia kwenye kelini, kampaundi ya mmea uitwao Ammi visnaga uliokuwa ukitumika kulegeza misuli. Alijipima mwenyewe: anavuta molekuli mpya, halafu anavuta vumbi la manyoya ya simbilisi wa maabara lililokuwa likimbana kifua, na kuhesabu pumzi zake. Alipitia mamia ya molekuli hadi mwaka 1965 ikapatikana kromoglikati, pete mbili za kelini zilizounganishwa kwa daraja. Haikulegeza misuli hata kidogo, kazi ambayo kelini ilisifiwa kwayo. Ilichofanya ni kuzuia shambulio lisianze. Angekuwa anapima ulegevu wa misuli tu, angeitupa.

Hiyo ya kujivutia mwenyewe usiige, kamati ya maadili ya chuo chako ipo kwa ajili ya watu kama yeye. Ila chagua vipimo viwili vya uvimbe visivyofanana, siyo kimoja, na ukipata jedwali la kwanza nitumie, likiwa na safu ya molekuli mama.